Kufuatilia kimbunga ukiwa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa wapenda hali ya hewa

Jina jipya la kimbunga likitajwa redioni, swali la kwanza Mwanjelwa au Makambako huwa ni lilelile: kinafika lini huku? Jibu la haraka ni kwamba hakifiki. Kutoka Lindi mpaka Mbeya, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 690. Kutoka Mafia mpaka Iringa ni kama 440. Kimbunga huishi kwa maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26.5 na kuendelea. Kikipanda nchi kavu hukatiwa chakula hicho, kikasuguana na vilima na misitu, na baada ya siku moja au mbili upepo wake mkali umekwisha. Mtu wa Uyole hana haja ya kugongomea mbao madirishani.

Usiishie hapo, lakini. Tarehe 11 Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliingia Msumbiji karibu na Quelimane, kikapoteza upepo, kikabaki mkusanyiko wa mawingu tu. Mawingu hayo yakatua juu ya kusini mwa Malawi kwa siku kadhaa. Blantyre ni mji wa milimani, mbali kabisa na bahari, na ndiko udongo wa vilima ulikoporomoka usiku ukafukia mitaa. Malawi ilipoteza zaidi ya watu 1,200, ukijumlisha na wale ambao hawakuonekana tena. Sisi ni majirani zao, vilima vyetu navyo ni vikali, na tunajenga juu yake vilevile.

Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu anayependa mambo haya afuatilie maji. Upepo awaachie watu wa Mtwara na Kilwa. Mwongozo huu umepangwa kwa mtazamo huo.

Hatua ya 1: Andaa vifaa kabla ya Novemba

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, kwa hiyo unakwenda sambamba na mvua zetu za msimu. Vichache hutokea nje ya kalenda hiyo: Hidaya na Ialy vya 2024 vyote vilitusumbua mwezi Mei, wakati watu wameshaanza kufikiria kuanua mahindi.

Kifaa cha kwanza ni kipima mvua. Kama huna cha dukani, chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye kuta zilizonyooka, ikate sehemu ya juu pale inapoanza kupinda, kisha kipande cha juu kigeuze mdomo chini na kukitumbukiza kama mrija wa kujazia mafuta. Tia kokoto chini ili upepo usiiangushe, mimina maji mpaka yafunike kokoto na kile kitako chenye mabonde, halafu chora mstari. Huo ndio sifuri yako. Kila milimita moja ya kina juu ya mstari ni milimita moja ya mvua, na kila milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Ukisikia milimita 60 zimenyesha, fikiria ndoo tatu za lita 20 zikimwagwa katika kila mita ya mraba ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yako.

Kiweke mahali pa wazi, mbali na mchirizi wa bati na mbali na migomba. Kanuni ya wataalamu ni umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho jirani: mti wa mita 5, kaa mita 10. Kisome kila siku saa 3 asubuhi, wakati ambao vituo rasmi navyo husoma, ili namba yako ilinganishwe na za wenzako.

Kifaa cha pili ni cha kupima mgandamizo wa hewa. Simu nyingi za bei ya kati na juu zinacho ndani yake. Programu ya bure itakuonyesha namba. Hapa wengi hushtuka. Wamesoma kwamba kitovu cha kimbunga kikali kina hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 950, halafu simu yao iliyopo Mbeya mjini inaonyesha 830 na jua linawaka. Hakuna ajabu: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Hata Kyela, chini kabisa kando ya ziwa, siku tulivu kabisa namba huwa karibu 960. Wewe tafuta badiliko tu, namba yenyewe iache. Tena simu iache mahali pamoja unaposoma, maana ukipanda mita 10 tu za kilima umeshapunguza hektopaskali moja.

Kuna mtego mwingine. Kwetu karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kimbunga kiwepo kisiwepo: unafikia juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unashuka chini mnamo saa 10 jioni na saa 10 alfajiri. Tofauti hiyo inaweza kufika hektopaskali 3 au 4. Asiyejua hili atatangaza tufani kila siku jioni. Linganisha saa 4 ya leo na saa 4 ya jana, basi.

Vingine ni vya kawaida: daftari la mistari, karatasi ya grafu, penseli, redio ndogo ya betri, pawabanki iliyojaa na bando la akiba. Umeme na mtandao hupotea siku ileile unayovihitaji.

Hatua ya 2: Jua nani anasema nini, na saa ngapi

Eneo letu la bahari lina kituo kimoja kilichopewa dhamana ya kufuatilia vimbunga kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani: kile cha Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, kilichopo kisiwa cha Réunion. Wao ndio hutoa daraja la kimbunga, mahali kilipo na njia kinakotarajiwa kupita hadi siku tano mbele. Jina lenyewe hutolewa na Madagaska kimbunga kikizaliwa magharibi ya nyuzi 55 mashariki, na Mauritius kikizaliwa mashariki ya hapo. Majina hufuata alfabeti na huanza upya kila msimu, kwa hiyo herufi ya kwanza inakupa hesabu: Hidaya, yenye H, ilikuwa ya nane kupewa jina katika msimu wa 2023/24.

Kwa hapa nchini mwenye kauli ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Yenyewe hutafsiri hali hiyo kwa mikoa yetu, kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Usisome rangi peke yake. Chini yake kuna maelezo ya athari zinazotarajiwa na orodha ya mikoa, na mara nyingi orodha hiyo ndiyo inayotenganisha Njombe na Iringa siku ambayo wote mlidhani mko kundi moja.

Tatu, kuna JTWC, kituo cha jeshi la Marekani. Taarifa zake ni nzuri, ila kasi ya upepo wanayoitaja ni wastani wa dakika moja, wakati Réunion hutumia wastani wa dakika kumi. Kimbunga kilekile, saa ileile, kwa Wamarekani kitaonekana kina upepo mkali zaidi. Ukiona watu wanabishana kwamba "kimeongezeka nguvu ghafla", uliza kwanza namba zimetoka wapi.

Muda wa taarifa hizi huandikwa kwa saa za dunia, zile zenye UTC. Kwa sisi wasomaji wa saa za Kiswahili kuna njia ya mkato: toa 3. UTC 06 ni saa 3 asubuhi, UTC 12 ni saa 9 alasiri. UTC 18 inatoa 15, yaani saa 3 usiku. Na UTC 00 ni saa 9 usiku. Taarifa kuu zote nne za siku zinaangukia saa 3 au saa 9. Zinachelewa kidogo kutoka, kwa hiyo usikae unafungua simu kila dakika.

Hatua ya 3: Soma daraja bila kukurupuka

Katika ukanda wetu ngazi ni hizi, kwa upepo wa wastani wa dakika kumi. Dhoruba ya wastani ni kilomita 63 hadi 88 kwa saa, na hapo ndipo jina hutolewa. Dhoruba kali ni 89 hadi 117. Kuanzia 118 ni kimbunga kamili, kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na zaidi ya 212 ni kikali mno. Ukikuta kasi imeandikwa kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha kwa 1.85 upate kilomita.

Sasa sahau nusu ya hayo. Daraja linapima upepo, na halisemi lolote kuhusu mvua. Freddy iliyoua Blantyre ilikuwa imeshashuka madaraja yote. Dhoruba dhaifu inayotembea polepole humwaga maji mengi mahali pamoja kuliko kimbunga kikali kinachopita mbio, kwa hiyo katika kila taarifa mimi husoma mwendo kabla ya daraja.

Hatua ya 4: Chora njia yake kwa mkono wako

Programu za simu zitakuchorea, lakini anayechora mwenyewe huelewa kitu ambacho mtazamaji haelewi. Chukua karatasi ya grafu, weka nyuzi za longitudo kutoka 30 hadi 60 mashariki na latitudo kutoka 5 hadi 25 kusini. Weka alama za nyumbani: Mbeya ni 8.9 kusini na 33.5 mashariki, Njombe 9.3 na 34.8, Iringa 7.8 na 35.7. Kisha pwani: Mafia 7.9 na 39.7, Lindi 10.0 na 39.7, Mtwara 10.3 na 40.2. Chora pwani kwa kukadiria, pamoja na Ziwa Nyasa na kisiwa cha Madagaska. Si lazima kipendeze.

Kila baada ya saa sita weka nukta mahali kitovu kilipo. Nyuzi moja ni kilomita 111 kwenda kaskazini na kusini, na kwa latitudo zetu ni karibu 109 kwenda mashariki na magharibi. Tuseme kitovu kilikuwa 10.0 kusini, 43.0 mashariki, na saa sita baadaye kiko 9.6 na 42.2. Kimepanda kilomita 44 kaskazini na kusogea 87 magharibi. Pima mshazari kwa rula: karibu kilomita 98. Gawanya kwa sita, unapata mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Kutoka hapo hadi Mafia ni kama kilomita 333, maana yake saa 21 kikiendelea hivyo. Mara nyingi hakiendelei hivyo, na nukta zako ndizo zitakazokuonyesha: zikianza kukaribiana, kimepunguza mwendo, na kimbunga kinachopunguza mwendo mara nyingi kinajiandaa kugeuka.

Ule mchoro wa pembe inayopanuka unaotolewa na vituo husomwa vibaya kuliko kitu chochote katika fani hii. Unaonyesha mahali kitovu kinapoweza kuwepo, basi. Mvua hutoka nje ya pembe hiyo kwa mamia ya kilomita. Kuwa nje ya mchoro hakukuokoi na lolote, hasa ukiwa huku tuliko, ambako karibu siku zote tuko nje.

Hatua ya 5: Jiulize kiko upande gani wako

Kama utaruka hatua zote, hii usiruke. Kusini mwa ikweta upepo huzunguka kitovu kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Kutokana na hilo, mahali kimbunga kilipo panaamua hewa inayokufikia inatoka wapi, na hewa inakotoka ndiko kunakoamua kama una mvua au jua.

Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska, kule kwenye visiwa vya Réunion na Mauritius, watu hupuuza kwa sababu ya umbali. Wanakosea. Vimbunga vya upande huo mara nyingi huambatana na upepo wa magharibi juu ya Tanzania, na upepo wa magharibi ndio unaobeba unyevu wa misitu ya Congo. Siku hizo mvua ya Rukwa, Songwe na Mbeya inaweza kushiba kuliko kawaida huku kimbunga chenyewe kikiwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwako.

Kikiwa ndani ya Mfereji wa Msumbiji, mambo huenda pande mbili. Kwa sehemu kubwa ya nchi, hasa kaskazini, kimbunga cha namna hiyo huvuta unyevu kuelekea kwake na kuacha anga kavu. Idai, iliyopiga Beira katikati ya Machi 2019, ililaumiwa kwa kuchelewesha mvua za masika Afrika Mashariki mwaka huo. Sisi wa kusini tuko mpakani. Mkanda wa mawingu ukielea juu yetu tunalowa. Ukishuka nyuzi mbili tatu kusini tunabaki na jua na vumbi katikati ya msimu. Kwa hiyo hapa picha ya setilaiti ina thamani kuliko utabiri wowote: angalia mkanda unaounganisha kimbunga na bara uko latitudo ipi.

Kikishaingia Msumbiji na mabaki yake kuelekea Malawi, kama Freddy ya 2023 au Chido ya Desemba 2024, sisi tunakuwa kaskazini yake na upepo unatoka magharibi na kusini magharibi. Watu wa Kyela, Ileje na Rungwe wakae macho. Hapa taarifa za vimbunga hukoma mapema, kwa kuwa kituo kinaandika tu kwamba mfumo umedhoofika na kinafunga jalada. Wewe usifunge. Endelea kuweka nukta kwa kutumia picha za setilaiti.

Kuna na kile kinachokuja moja kwa moja pwani yetu. Hiki ni adimu, ila kipo: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952. Kenneth ya Aprili 2019 iliyowahamisha watu Mtwara ikageukia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Jobo ya 2021 iliishiwa nguvu kabla ya kufika. Hidaya ilifikia daraja la kimbunga kamili, ikadhoofika, ikatua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mafuriko yake yakakata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Kwa nyanda za juu hali hii huleta upepo wa kutoka kusini. Ukipita juu ya Ziwa Nyasa unaokota unyevu, halafu unagonga ukuta wa milima ya Livingstone na Rungwe, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Matema na Busokelo watalowa wakati Usangu, nyuma ya mlima, wanaanika mpunga. Miteremko ya Udzungwa na Mufindi inayotazama Kilombero nayo hupata kitu kama hicho upepo ukitoka mashariki.

Ndiyo maana "mvua Mbeya" ni maneno yasiyo na maana kwa mfuatiliaji. Tukuyu na Chimala viko mkoa mmoja na mbingu mbili.

Hatua ya 6: Fungua modeli, kwa adabu

Windy na Zoom Earth zinakupa picha za setilaiti na utabiri wa kompyuta bure. Picha zenyewe zinatoka Meteosat, setilaiti ya Ulaya iliyo juu ya Bahari ya Hindi, na hupigwa kila baada ya dakika 15. Punguza ukubwa wa picha, vinginevyo bando la wiki litaisha mchana mmoja.

Modeli mbili za kuanzia ni ECMWF ya Ulaya na GFS ya Marekani. Zote huhesabiwa upya mara nne kwa siku, na kila hesabu inaweza kuja na hadithi yake. Utaratibu ninaoupendelea: usitazame siku ya kumi kabisa, tazama siku tatu hadi tano, linganisha hesabu tatu zilizofuatana, kama zote tatu zimeweka kitovu karibu mahali pamoja, anza kuamini. Kwa siku tatu mbele, kosa la kilomita mia moja na zaidi ni la kawaida hata kwa vituo vikubwa, na kwetu kilomita mia ndiyo tofauti ya Tukuyu na Igawa.

Namba ya mvua ya modeli kwa nyanda za juu ichukulie kama dokezo. Kompyuta ya dunia nzima huchora milima yetu ikiwa imelainishwa. Rungwe yenye karibu mita 2,960 na bonde la Kyela lenye mita 500 hivi vinachanganywa na kuwa mteremko mmoja mpole. Mvua ya kulazimishwa kupanda mlima hupungua kwenye hesabu. Modeli ikikuonyesha milimita 40 kwa Rungwe upepo ukiwa wa kusini, mimi ningejiandaa kwa zaidi ya hapo.

Jambo la sheria: Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya 2019 imeipa TMA dhamana ya kutoa utabiri na tahadhari kwa umma. Kuchora, kupima na kujadiliana na wenzako ni burudani na elimu. Kutengeneza bango jekundu lako mwenyewe ukalisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima ni jambo lingine. Sambaza taarifa ya TMA ilivyo, ikiwa na tarehe na saa yake, kwa sababu picha ya Hidaya ya 2024 bado inazunguka kila mwaka kana kwamba imepigwa leo.

Hatua ya 7: Toka nje, tazama juu

Upepo wa chini huku kwetu ni mwongo, unafuata mabonde. Tazama mawingu ya kati na ya juu. Simama mgongo wako ukielekea wanakotoka. Eneo la mgandamizo mdogo litakuwa upande wa mkono wako wa kulia. Mawingu yakitoka kusini magharibi, ukayapa mgongo, kulia kwako ni kusini mashariki, yaani Msumbiji. Jaribu hili siku ambayo unajua kimbunga kiliko, utaona linavyofurahisha.

Alama bora zaidi ni tabia ya mvua yenyewe. Mvua yetu ya kawaida ya msimu ina ratiba: asubuhi jua, saa 7 mawingu yanapanda juu ya milima, saa 9 radi, jioni kumetulia na watu wanatembea. Mvua ya mfumo mkubwa haina ratiba hiyo. Inaanza usiku wa manane au alfajiri, haina radi nyingi, wingu ni shuka moja la kijivu kutoka upeo hadi upeo, na inanyesha saa sita au kumi bila hasira. Watu huiita mvua nzuri kwa sababu haina vishindo. Ndiyo hiyo inayoingia ardhini na kubaki.

Hatua ya 8: Jumlisha maji yaliyoko ardhini

Katika daftari, pamoja na mvua ya leo, weka safu mbili: jumla ya siku tatu na jumla ya siku saba. Ni safu hizi zinazomtofautisha mfuatiliaji na mtazamaji wa picha nzuri.

Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, ukafukia nyumba na kuharibu shule. Hidaya ilikuwa bado haijazaliwa. Kilima kilikuwa kimeshiba kwa mvua ya msimu mrefu. Sasa fikiria mfumo wa kimbunga unakuta kilima katika hali hiyo. TMA huhesabu zaidi ya milimita 50 kwa saa 24 kuwa mvua kubwa. Milimita 50 Desemba, juu ya ardhi iliyokauka miezi sita, nyingi hunywewa. Milimita hizohizo mwishoni mwa Aprili ni habari tofauti kabisa. Hapo ndipo taarifa ya Réunion na chupa yako ya plastiki vinapokutana: kimbunga kilekile, njia ileile, kina hatari tofauti kutegemea safu yako ya siku saba inasema nini.

Kama mko kundi la watu watano au kumi, gawaneni maeneo badala ya wote kupima Mbeya mjini: mmoja Isyonje, mmoja Tukuyu, mmoja Kyela, mwingine Igurusi, Makete, Mafinga. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inashuka Kyela ikitoka milimani, na mtu wa Kyela anaweza kupata mafuriko siku ambayo kwake hakujanyesha tone. Ujumbe wa mtu wa juu saa 3 asubuhi ni wa thamani sana kwake kuliko picha yoyote ya setilaiti.

Hatua ya 9: Saa 48 za mwisho

Hapa burudani inapungua. Soma kipima mvua kila saa sita badala ya mara moja kwa siku, na ukimwage hadi mstari wa sifuri kila ukisoma. Chaji kila kitu. Kama una safari ya Kitonga, ya Mbeya–Tukuyu au ya kushuka Makete kwenda Matema, iahirishe kama inaahirishika. Mawe na udongo hushuka barabarani na foleni ya malori ya Tunduma ikikwama huwezi kurudi nyuma.

Wanaoishi chini ya mteremko watazame dalili hizi: nyufa mpya ardhini au ukutani, nguzo na miti iliyoanza kulala, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, chemchemi kuibuka pasipokuwa nayo, na kijito kinachobadilika kuwa tope au kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwani maana yake huenda kuna kizuizi juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Ukiona hata moja, ondoka kwanza, usisubiri rangi ya TMA ibadilike. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya dharura ya polisi ni 112. Mwambie na jirani mzee asiye na simu. "Shikamoo babu, twende kanisani tukalale huko leo" inatosha, usianze kumweleza habari za hektopaskali.

Usiende mtoni kupiga picha. Nasema hivi kwa wapenda hali ya hewa hasa, kwa sababu ndio watakaotaka kwenda.

Hatua ya 10: Baada ya kupita

Kimbunga kikisha, endelea kupima kwa wiki moja. Maporomoko mengine hutokea jua likiwa limeshachomoza, na safu ya siku saba hushuka taratibu. Kisha kaa chini na grafu yako, chora mstari wa njia halisi kwa wino juu ya ile ya utabiri ya penseli, andika pembeni jumla ya mvua ya kila mwenzako pamoja na upande kimbunga kilipokuwa siku mvua ilipokuwa kubwa. Ukifanya hivyo kwa vimbunga vitatu vinne utakuwa na kitu ambacho hakipo kwenye programu yoyote ya simu: rekodi ya kilima chako mwenyewe, inayoonyesha kwamba kwenu, tuseme, Mfereji wa Msumbiji huleta jua na Réunion huleta tope. Weka nakala mbili, moja kwenye simu na moja kwenye daftari, na daftari lifunge kwenye mfuko wa plastiki.